Baada ya Shakahola, tutauhubirije moyo safi?

Mama mmoja wa kanisani kwetu, mkazi wa Barani hapa Malindi, alikuwa na desturi ya kufunga kila Ijumaa mpaka magharibi. Hakumtangazia mtu. Unga ambao angeupikia ugali wake wa mchana aliupima kikombe kimoja, akaufunga kitambaani, akampelekea bibi kizee wa nyumba ya tatu. Mwaka jana alikataa chai kwa shemeji yake, na swali likamjia mbele ya watoto: “Kwani na wewe umekuwa wa Shakahola?” Tangu siku hiyo hafungi tena. Na kikombe cha unga kimekoma.

Shemeji simlaumu. Aprili 2023 makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa pwani ya Kenya, miili ililetwa huku kwetu, mochari ya Malindi. Ilipita 400, watoto wakiwemo wengi. Ilisemwa waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili kukutana na Yesu. Wapasuaji walikuta njaa, na kwa baadhi ya maiti, dalili za kunyongwa. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini mzazi aliyeyaona hayo akisikia mhubiri akisema “jitakaseni”, ni haki yake kumvuta mwanawe karibu.

Wanaotaka mahubiri ya utakatifu wa moyo yapunguzwe wana hoja nzito. Moyo hauna dirisha. Mchungaji akikukemea kwa ulevi, jirani anaweza kusema ndiyo au la. Akisema moyo wako una uchafu, utamjibu nini? Ukiuliza, ni kiburi. Ukichoka, hujatakasika. Ukitaka kuondoka, ni shetani anakuita. Biblia yenyewe inaonya: “Moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, una ugonjwa wa kufisha, nani awezaye kuujua?” Ndiyo maana Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, alishikilia kwamba aaminiye ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi, mpaka kaburini. Aliyelelewa katika fundisho hilo hamwamini upesi mtu anayejiita msafi.

Hata hivyo naona tumemkamata asiye na kosa. Marko 7 inaanza na ugomvi wa mikono isiyonawiwa, na Yesu anajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka ndani yake: wizi, uuaji, hila, kiburi. Hakuna chakula katika orodha ile. Mwangalie muuza kahawa wa jioni anavyosuuza vikombe. Kidole cha gumba kinaingia ndani, kinazunguka, kinafuata mashapo yaliyoganda chini. Nje anapitisha maji tu. “Safisha kwanza ndani ya kikombe,” Yesu aliwaambia Mafarisayo. Kuutesa mwili mpaka ufe kwa jina la utakatifu ni kusugua nje mpaka kikombe kivunjike, na ndani hakujaguswa. Paulo hakuacha mlango wa kutokea: hata nikiutoa mwili wangu uungue moto, bila upendo hainifaidii kitu.

Mfano wa John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18 aliyeanzisha Umethodisti, naurudia kila ninapobishana na wenzangu, kwa kuwa ni wachache waliousisitiza utakatifu wa moyo kuliko yeye. Alipoulizwa ukamilifu, kama alivyouita utakatifu huo, ni nini, alijibu: kumpenda Mungu kwa moyo wote, na jirani kama nafsi yako. Basi. Waumini wake aliwaweka katika vikundi vidogo, wakikutana kila wiki kuulizana hali ya roho. Moyo ulifunguliwa mbele ya wenzako, ambao na wao watafungua wa kwao, haukukabidhiwa mtu mmoja. Na mwaka 1746 alifungua zahanati ya maskini jijini London. Mhubiri wa moyo safi akigawa dawa! Linganisha na mafundisho yaliyohusishwa na Shakahola, ya kuwakataza watu hospitali na watoto shule.

Sheria za kusajili makanisa zinahitajika, sizipingi. Lakini afisa atakagua cheti na akaunti; chuki iliyomo rohoni mwa mzee wa kanisa hataikagua. Tukinyamaza kuhusu moyo, waumini wetu watabaki na urefu wa sketi na kiasi cha sadaka, na mwenye njaa ya zaidi ataitafuta porini, kwa yeyote atakayemwahidi.

Isaya 58 inauliza kama saumu anayoichagua Bwana si “kuwagawia wenye njaa chakula chako”. Yule mama wa Barani aliitimiza kwa kikombe, hatua chache kutoka mlangoni kwake, na sisi wenzake tukaacha aaibishwe. Bibi kizee hakuwahi kuambiwa kwamba unga ule ulitoka katika saumu. Juzi alimuuliza mjukuu wake kama yule mama anaumwa.