Nilikuwa na A, daraja langu likafa la kwanza

Wadau, uhandisi nimeusoma nyumbani mpaka nikamaliza, ndo nikaja huku kuongeza elimu, kwa hiyo nimeonja kotekote. Nyumbani fomula ya Euler ya nguzo kupinda (ile inayokupa mzigo ambao nguzo inabeba kabla haijajipinda) ilikuwa kichwani, madesa yote nimeyameza, pepa nikapiga A.

Huku wiki ya pili tu lekchara katugawa wanne wanne, kila kundi tambi kavu na gundi, jengeni daraja la sentimita 60, tutaning'iniza ndoo katikati tumimine mchanga mpaka liporomoke, pointi ni uzito lililobeba gawanya kwa uzito wake lenyewe. Nikajiona mjanja, si nina A bwana. Letu likafa la kwanza! Na wala halikukatikia tulikokuwa tunaogopa, zile tambi za juu zinazosongwa zilijipinda kwa pembeni kama upinde, afu paa, mchanga sakafuni. Lekchara kauliza kitu kimoja tu, "hicho kipande mngekipunguza urefu nusu, ingekuwaje?" Jamani. Uwezo unapanda mara nne, ndo ile ile ya Euler, nimeiandika mara ngapi sijui, kuiona ndo siku ile. Raundi ya pili tukazishikiza za juu katikati na tukashika namba mbili.

Si kwamba huku wametuzidi kila kitu, hesabu za mkono tunawakalisha vizuri tu. Na kwenye kundi letu kulikuwa na mdandiaji, anatokea siku ya kupiga picha. Dawa yake lekchara anamnyooshea kidole yeyote aeleze kwa nini kipande fulani kimekaa pale, ukishindwa kundi zima linakatwa pointi. Ikabidi tumfundishe kwa nguvu.

Wala sio mambo ya juzi. Pale MIT, chuo cha Marekani, profesa Woodie Flowers toka miaka ya 1970 alikuwa anawapa wanafunzi boksi la vikorokoro wajenge mashine zishindane.

Sasa nina mshkaji anafundisha nyumbani, nimemwambia haya kanijibu darasa lina watu 200, vifaa hakuna. Nikamwambia vifaa ni tambi, gundi na ndoo, na 200 ni makundi 50. Akauliza na nani atasahihisha madaraja 50? Nikamwandikia ndoo. Amesoma toka juzi, hajajibu.