"Rekebisha zote" kwa mpigo: tuiamini kiasi gani?

Anayeandika kodi za programu kwenye VS Code au Visual Studio (edita, yaani programu za kuandikia kodi) anaijua ile taa ndogo ya njano inayotokea pembeni ya mstari wenye kosa, unabonyeza Ctrl na nukta inakuletea marekebisho, na mara nyingi kuna chaguo la kurekebisha makosa yote ya aina hiyo kwenye faili zima. Visual Studio inafika hadi projekti nzima.

Mimi naitumia, tena sana tu. Kukaa unafuta impoti (mistari ya kuita kodi ya faili lingine) mia moja zisizotumika kwa mkono ni kujitesa bure, na mkono ukishachoka ndo unafuta hata isiyohusika, wakati mashine mstari wa mia inaufanyia kilekile ilichoufanyia wa kwanza.

Ila hapohapo ndo penye hatari, maana ujumbe wa kosa kufanana haina maana makosa yanafanana. Chukua Python, kuna faili lina `import models` na hilo jina models halitumiki popote huko chini, edita inalififisha rangi, na kweli kwa jina halitumiki, lakini kile kitendo chenyewe cha kuimpoti ndo kinasajili majedwali ya databesi programu inapowaka. Ukifuta impoti thelathini kwa mpigo, ishirini na tisa zilikuwa takataka kweli, hiyo moja ndo nguzo, na edita haitakupigia mstari mwekundu hata mmoja, utakuja kushtuka programu ishaanza kutumika. JavaScript nayo hivyohivyo, `x == null` inakamata null na undefined (aina mbili za "hakuna thamani") zote mbili, ukigeuza kila mahali iwe `===`, ulinganisho mkali zaidi, undefined inapita kimyakimya.

Watengeneza zana wenyewe wanalijua hili. Ruff, zana ya kukagua kodi ya Python, imetenganisha marekebisho salama na yasiyo salama, hayo ya pili haiyagusi mpaka uyaruhusu, na ESLint, mwenzake wa JavaScript, ina mengine inayaacha kama mapendekezo tu uchague mwenyewe moja moja. Huo mpaka nauheshimu kuliko ile taa.

Kuna wanaolalamika kwamba kurekebisha kwa mpigo kunachafua historia ya kodi, ukipiga git blame (amri ya Git inayoonyesha nani aligusa mstari upi mwisho) kila mstari uliorekebishwa una jina lako, na hoja wanayo. Lakini tangu Git 2.23 ya 2019 kuna `--ignore-rev` ya kuiruka komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) kama hiyo, ila inasaidia tu kama marekebisho umeyaweka kwenye komiti yake peke yake, ukiyachanganya na kazi nyingine ndo hata anayekukagulia hataiona ile impoti moja iliyofutwa.