Uzi uliokula mkono wa sweta

Kwanza kabisa, sikuvua nguo jukwaani. Mimi napiga besi, lile gitaa la sauti nzito, kwenye bendi, na mpiga dramu wetu amerekodi ujumbe wa sauti na kuusambaza, umenifikia kupitia watu wasionijua hata kwa sura, anasema gitaa lilinivua nguo mbele ya ukumbi mzima. Hiyo ni habari ya mtu aliyekaa nyuma. Kilichovuliwa ni mkono mmoja wa sweta, tena si wote, uliishia kwenye kiwiko. Sasa nisikilizeni mimi niliyekuwa ndani ya sweta yenyewe.

Chanzo ni mwimbaji wetu. Kwenye nyimbo za polepole alikuwa akilalamika kwamba vidole vyangu vinapiga mluzi, na haki alikuwa nayo. Nyuzi nyingi za besi huzungushiwa waya wa mviringo, kwa hiyo juu yake kuna vijituta, na kidole kikiteleza kutoka freti hadi freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) hutoka ule mlio wa "kwiii" ambao sijui kwa nini hupenda kutokea pale pale mwimbaji anapovuta pumzi. Dawa yake inajulikana. Nyuzi bapa, ndizo flatwaundi, huzungushiwa utepe wa chuma. Zina uso laini, mluzi karibu hakuna, freti haziliwi haraka, na sauti inakuwa nzito, isiyong'aa sana.

Basi nikaingia kusoma. (Mpiga besi akianza kusoma habari za nyuzi, msimsubiri, hatoki leo.) Nikamkuta James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, kule Detroit, aliyepiga kwa kidole kimoja cha shahada kwenye besi ya Fender Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nene za chapa ya La Bella, na hakuwa na tabia ya kuzibadilisha mpaka zikatike. Nikamkuta Steve Harris wa bendi ya roki ya Iron Maiden, anayepiga makelele yote yale kwa nyuzi bapa. Nikawakuta na wapenzi wa nyuzi za Thomastik za Vienna, ambazo ni laini na hazivuti sana shingo ya gitaa. Mwenye akili angejiuliza besi yake inahimili mvuto gani. Mimi nilijiuliza Jamerson alitumia unene gani. Inchi 0.110 kwa uzi wa E, ule mnene kuliko wote? Nipeni hizo hizo. Kidole chake sina, lakini unene unauzwa.

Urefu sikuuangalia. Besi yangu ni fupi, inchi 30 kutoka nati (kizingiti kilicho kati ya shingo na kichwa cha gitaa) hadi daraja linaloshika nyuzi upande wa pili, ilhali besi za kawaida, tangu Precision ya kwanza ya 1951, zina inchi 34. Pakiti ilisema waziwazi kwamba nyuzi zile ni za besi ndefu. Maneno niliyaona. Nilidhani kiwanda kinajisifia ukarimu.

Kwa wasiopiga: uzi mnene wa besi hauna unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukikaribia ncha hupungua na kuvikwa nyuzi za hariri, ili ile sehemu nyembamba ndiyo izungushwe kwenye kigingi cha kukazia. Kwenye besi fupi, sehemu nyembamba inapita kigingi na kubaki ikining'inia, halafu unaokunjwa ni uzi mnene wenyewe. Utepe bapa hauwezi kona kali, unafunguka. Anayeteseka zaidi ni uzi wa E, maana kigingi chake ndicho kilicho jirani zaidi na nati. Juu ya hayo, ile ziada niliikata kwa koleo kabla ya kuukunja uzi. Mafundi wakisoma hapa watafumba macho: ukikata bila kukunja kwanza, utepe huanza kuachia kiini. Usiku ule nilisikia "trrr" ndogo kwenye kigingi. Nikasema ni nyuzi zinazoea nyumba mpya.

Haya. Jukwaani.

Taa zimepunguzwa. Ubeti wa pili. Mwimbaji amefumba macho. Nimevaa sweta ya kufuma yenye mikono mirefu kwa sababu tuliambiwa tutapigwa picha. Napiga F, freti ya kwanza ya uzi wa E, mkono wangu wa kushoto uko karibu kabisa na kichwa cha gitaa. Mluzi, hakuna. Nilitabasamu, picha ipo.

Kisha noti ikaanza kushuka. Ingekatika ningeelewa. Hii ilishuka taratibu, F ikawa E, E ikawa kitu kisicho na jina, na mpiga kinanda akanigeukia kwa uso wa mtu aliyesikia habari za msiba. Kwenye kigingi ikalia "tik". Ncha ya utepe ikachomoka, ikajipinda kuelekea chini, ikaingia kwenye pindo la sweta. Sikuhisi chochote. Nilifanya anachofanya mpiga besi yeyote aliyesalitiwa na uzi wa E: nikaikimbilia F nyingine, uzi wa A, freti ya nane.

Mkono ukaenda. Pindo likabaki.

Nilisikia "frrrr" nikadhani ni spika. Wimbo ulinitaka nirudi kwenye C, freti ya tatu, nikarudi, uzi wa sufu ukalegea na kulala juu ya gitaa. Nikapanda tena freti ya nane, frrrr, safu nyingine ya sweta ikaondoka. F, C, F, C. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa akigeuza shingo kama anayetazama tenisi. Wimbo wenyewe una noti hizo mbili tu kwenye ubeti, na aliyeutunga ni mimi.

Mwimbaji akafumbua macho. Akaona uzi unaning'inia. Kwa huruma zake zote, huku bado anaimba, akausogelea, akaushika, akauvuta ili ukatike.

Haukukatika.

Alivuta mpaka kiitikio. Nilipotazama chini, mkono wangu ulikuwa wazi mpaka kiwikoni, na yeye ameshika rundo la sufu kifuani, anaimba kuhusu mapenzi. Hapo ndipo dramu ziliponyamaza. Huyo anayesambaza ujumbe wa sauti aliangusha kijiti na kupoteza mdundo mzima wa kiitikio kwa kucheka. Hilo, nawauliza mliousikiliza, amelitaja?

Mengine yalikwenda haraka. Tulimaliza, watu walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili, fundi mitambo akaniambia mluzi wa vidole haukusikika hata kidogo. Mwimbaji ameomba msamaha, ila anasema nyuzi bapa zibaki. Nimeagiza seti nyingine, ya besi fupi, nyembamba zaidi, na safari hii nimesoma pakiti pande zote. Zile tatu zilizosalia, A, D na G, msiniombe. Nilishazikata: kwenye vigingi vyangu ni nene mno, na kwa besi ya inchi 34 ni fupi mno.