Wapangaji kwenye kiwanja cha Intel

Juzi nilikuwa kwa fundi rafiki yangu, akifungua kompyuta ya zama za Pentium III, prosesa ya Intel, iliyokuwa inasubiri kuuzwa kwa kilo. Tukapuliza vumbi. Jirani na prosesa kulikuwa na chipu pana imeandikwa VIA. Kijana anayejifunza kazi pale akauliza, "Kaka, si umesema hii ni Intel? Hii VIA imetoka wapi?"

Enzi hizo prosesa haikuongea na memori moja kwa moja. Chipseti ndiyo iliyokaa katikati, ikipitisha data kwenda kwenye memori, kadi ya picha na diski. Na si lazima aliyetengeneza prosesa atengeneze na chipseti. VIA, SiS na ALi, zote za Taiwan, zilikula kwa kazi hiyo. Lakini walikuwa wapangaji tu. Njia ya kuifikia prosesa ilikuwa mali ya Intel, na bila leseni yake huna chako.

Mimi nasema wapangaji hao walituokoa. Mwaka 1999 Intel iling'ang'ania memori ya Rambus, iliyouzwa mara kadhaa ya bei ya SDRAM ya kawaida, na chipseti yake ya 820 ikaundwa kwa ajili hiyo. Ili ikubali SDRAM ilibidi iwekewe chipu ya kutafsiri, nayo ikawa na kasoro. Mei 2000 Intel ikatangaza kuzirudisha madabodi (bodi kuu za kompyuta) za aina hiyo. VIA ilikuwa na chipseti ya Apollo Pro133, inayotumia SDRAM ya PC133 bila mbwembwe. Ndiyo iliyokimbiliwa. Intel yenyewe ilikuwa imeshaipeleka VIA mahakamani.

Mwaka 2001 yakajirudia. VIA ikatoa chipseti ya P4X266, iliyoipa Pentium 4 memori ya DDR, yenye kasi kuliko SDRAM ya kawaida, wakati Intel haijatoa chipseti yake ya DDR. Intel ikadai hakuna leseni, ikashtaki. Watengenezaji wengi wa madabodi wakanywea, maana nani atamuudhi anayemuuzia prosesa? VIA ikaishia kuuza madabodi kwa jina lake yenyewe. Kesi zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2003, soko likiwa limeshasonga.

Kwa AMD, mshindani wa Intel kwenye prosesa, mlango ulikuwa wazi. Tusidanganyane, haukuwa ukarimu: AMD ilikuwa ndogo na iliwahitaji. Prosesa yake ya Athlon ilisambaa ikibebwa na chipseti ya KT133 ya VIA, kisha nForce2 ya Nvidia. Mwaka 2006 AMD ikainunua ATI, kampuni ya kadi za picha na chipseti, ikawa na jiko lake.

Wapo wanaosema teknolojia ndiyo iliyowamaliza wapangaji. Kuna ukweli: Athlon 64 ya mwaka 2003 ilihamishia kidhibiti cha memori ndani ya prosesa, na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Kazi kubwa ya chipseti ikayeyuka. Ila kumbuka kilichompata Nvidia. Mwaka 2009 Intel ilikwenda mahakamani ikisema leseni ya zamani ya Nvidia ya kutengeneza chipseti za Intel haihusu prosesa zenye kidhibiti cha memori ndani. Januari 2011 wakapatana, Intel ikakubali kulipa dola bilioni 1.5. Nvidia ilikuwa imeshaachana na chipseti. Ugomvi wa leseni huo, wala si wa teknolojia.

Kijana wa fundi akauliza kama wapangaji wameisha wote. Hapana. Chipseti za AMD za mwaka 2017, zilizokuja na prosesa za Ryzen, zilibuniwa na ASMedia, kampuni iliyo chini ya Asus, ingawa kwenye boksi utasoma AMD tu. Mwaka 2019 AMD ikajitengenezea chipseti ya X570, na ilikuwa ya moto kiasi kwamba madabodi nyingi zilifungwa kifeni juu ya chipseti. Mwaka uliofuata ikaja B550, kazi ya ASMedia tena, na haikuhitaji kifeni.