María Casares: Uhispania inamdai, Ufaransa ilimlea

Tangu mwaka 1997 watu wa tamthilia wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, wamekuwa wakitoa tuzo zenye jina la María Casares. Mwaka 2022, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, mji wake wa A Coruña ulimwadhimisha kama mtoto wake. Lakini mwenye jina hilo aliigiza kwa Kifaransa karibu maisha yake yote ya kazi, amezikwa katika ardhi ya Ufaransa, na nyumba yake aliiachia kijiji cha Ufaransa. Kwa hiyo lipo swali ambalo wapenzi wa tamthilia wa nchi zote mbili wamekuwa wakilizunguka bila kulimaliza: huyu ni mwigizaji wa nani? Kwangu swali hili si ubishi wa bendera. Jibu lake linaamua tunavyoitazama kazi yake, na pia tunavyowatazama waliomfukuza.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1922. Baba yake, Santiago Casares Quiroga, alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Jamhuri, na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi lilipoasi Julai 1936. Alijiuzulu mara moja, na hadi leo wapo wanaomlaumu kwamba alipuuza dalili za uasi kisha akasita kuwapa wananchi silaha. Binti yake alikuwa na miaka 13. Yeye na mama yake walijitolea kuhudumia majeruhi katika hospitali za Madrid, na Novemba mwaka huohuo wakavuka mpaka kuelekea Paris. Huku nyuma nyumba ya familia ilivamiwa na vitabu vya baba vikateketezwa. Dada yake mkubwa wa baba mmoja, Esther, alizuiliwa nchini na utawala wa Franco, jenerali wa waasi aliyeshinda vita na kuwa dikteta, na hakupata ruhusa ya kutoka mpaka katikati ya miaka ya 1950. Anayesema kwamba María aliichagua Ufaransa na kuipa nchi yake kisogo, aanze kwanza kwa kuyasoma haya.

Hata hivyo, hoja ya Ufaransa ni nzito. María alifika Paris hajui Kifaransa. Alijifunza shuleni, akaomba kuingia Conservatoire, chuo ambacho waigizaji wa Ufaransa hupikwa humo, na mara ya kwanza hakupita, kwa kuwa lafudhi ilikuwa inamsaliti. Hakukata tamaa. Alipopokelewa alifundishwa na Béatrix Dussane, mwigizaji mkongwe aliyekuja kumwandikia kitabu mwanafunzi wake huyo akiwa bado kijana. Mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ukumbi wa Mathurins ulimpa nafasi ya kwanza kubwa, katika tamthilia ya Synge wa Ireland. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu avuke mpaka, na tayari alikuwa amesimama jukwaani akizungumza lugha ya watu kwa namna iliyowafanya wenyewe wamsikilize kimya. Kipaji hicho Uhispania haikukinoa. Walimu, waongozaji, watunzi na watazamaji waliomfanya awe María Casares walikuwa Wafaransa.

Sinema inathibitisha jambo hilo zaidi. Mwaka 1945 zilitoka filamu zake mbili. Katika Les Enfants du paradis ya Marcel Carné yeye ni Nathalie, mke anayempenda mwanamume ambaye moyo wake uko kwa mwingine. Ni nafasi ambayo mwigizaji wa kawaida angeigeuza kilio cha kuombea huruma. Karibu na mwisho wa filamu anafungua mlango na kumkuta mumewe na mwanamke huyo. Hapigi kelele wala hajitupi chini. Anauliza tu: na mimi je? Ukiitazama sehemu hiyo unajikuta umehama upande bila kutaka, kwa sababu kwa muda wote uliopita ulikuwa ukiwaombea wale wawili wapatane.

Filamu ya pili, Les Dames du bois de Boulogne ya Robert Bresson, ilipigwa kwa shida katika miezi ya mwisho ya vita, kazi ikikatizwa mara kwa mara. María hakufurahia namna Bresson alivyowabana waigizaji, na sisiti kusema kwamba mvutano huo unaonekana kwenye skrini na unaifaa filamu. Hélène ni mwanamke aliyeachwa, anayepanga kisasi chake pole pole, kwa adabu zote za sebuleni. Uso wake hausemi lolote, macho yanasema yote. Sijui mwigizaji mwingine wa enzi hiyo ambaye angebeba chuki yote hiyo bila kukunja uso.

Kisha mwaka 1950 ikaja Orphée ya Jean Cocteau, ambamo María ni Mauti yenyewe: binti mfalme mwenye nguo nyeusi, anayetembea na waendesha pikipiki, anayepita ndani ya vioo, na anayekosea kwa kumpenda mshairi aliye hai. Kuna picha moja humo ambayo sijaiona ikizidiwa. Mauti anasimama miguuni mwa kitanda akimtazama Orphée aliyelala. Amefumba macho, na juu ya kope zake yamechorwa macho mengine yaliyo wazi. Anatazama bila kutazama. Ujanja ule ni wa Cocteau, lakini utulivu wa mwili unaoufanya utishe badala ya kuchekesha ni wa María. Filamu zote tatu zimo katika hazina ya sinema ya Ufaransa, na hakuna hata moja ambayo Uhispania inaweza kusema ilichangia chochote.

Tukija kwenye jukwaa, hoja inazidi kuielemea Uhispania. Alipita Comédie-Française, ukumbi wa tamthilia wa dola, kwa muda mfupi, kisha mwaka 1954 akajiunga na mwongozaji Jean Vilar, aliyeshika bango la tamthilia kwa umma badala ya wateule wachache. Mwaka huo huko Avignon, katika ua wa Kasri la Mapapa, usiku, chini ya mbingu tupu, aliigiza Lady Macbeth. Na mwaka 1989 ni Ufaransa iliyompa tuzo ya Molière ya mwigizaji bora wa kike, kwa nafasi ya Hecuba.

Basi Uhispania imebakiwa na nini zaidi ya cheti cha kuzaliwa?

Imebakiwa na mambo matatu, na kwangu si madogo. La kwanza ni kwamba mwenyewe alikataa kuacha kuwa mkimbizi. Kwa takriban miaka 40 aliishi Ufaransa bila kuchukua uraia, ingawa hakuna mtu ambaye angemnyima. Aliuchukua mwaka 1975, mwaka aliokufa Franco, wakati ambapo ukimbizi ulikuwa unafikia mwisho wake. Kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1980 alikiita Résidente privilégiée, jina la daraja la mgeni katika karatasi za ukaazi. Hivyo ndivyo alivyotaka kujulikana, hata baada ya kupata pasipoti.

La pili ni kwamba Uhispania ilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Mwaka 1948 alicheza katika L'État de siège ya mwandishi Albert Camus, mpenzi wake, tamthilia kuhusu udikteta unaoingia mjini kwa sura ya tauni. Camus aliuweka mji huo Cádiz, Uhispania. Mwanafalsafa Gabriel Marcel alipomhoji kwa nini Uhispania badala ya nchi za Ulaya Mashariki, Camus alimjibu hadharani kwamba hasahau yaliyotendeka huko. Tamthilia haikupendwa, na kama maandishi ina uzito wa hotuba. Lakini mwanamke aliyesimama katika Cádiz ile ya kubuni alikuwa binti wa serikali iliyopinduliwa, na kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo.

Mwaka 1966 jambo hilo lilikwenda mbali zaidi. Katika ukumbi wa Odéon, unaogharimiwa na dola, alicheza Mama katika Les Paravents ya Jean Genet, tamthilia inayolidhihaki jeshi la Ufaransa katika vita vya Algeria. Askari wa zamani na vijana wa mrengo wa kulia walivamia, wakarusha vitu jukwaani, na suala likafika bungeni, ambako Waziri André Malraux aliitetea tamthilia. María wakati huo hakuwa raia. Mgeni mwenye kibali cha kuishi alisimama katikati ya ghasia hizo na akaendelea kucheza. Ufaransa inaweza kujivunia kwamba ilimpa jukwaa lile, lakini ujasiri ule haukutoka Conservatoire. Naamini ulitoka mwaka 1936.

La tatu ndilo linaloniuma. Mara chache alizopata kuigiza kwa lugha ya kwao, alifanya hivyo kwa njaa. Mwaka 1963 alikwenda Buenos Aires kucheza Yerma ya Federico García Lorca, akiongozwa na Margarita Xirgu, mwigizaji yule aliyekuwa ameizindua Yerma Madrid mwaka 1934 na ambaye naye alikuwa uhamishoni. Lorca, mtunzi wake, aliuawa na waasi mwaka 1936. Wanawake wawili waliofukuzwa walikutana ng'ambo ya bahari kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1976 hatimaye alirudi Madrid kucheza El adefesio ya Rafael Alberti, mshairi aliyekuwa uhamishoni, ambaye wakati huo bado alikuwa Roma, hajarudi. Jina lilipokewa kwa heshima kubwa, mtindo wake kwa mashaka. Sauti ile nzito, iliyokuzwa kwa majukwaa ya Vilar, wahakiki kadhaa waliiona imepitiliza. Hakuhamia. Alirudi Ufaransa, na huko ndiko alikofariki, tarehe 22 Novemba 1996, siku moja baada ya kutimiza miaka 74.

Wanaoitetea Ufaransa huutumia mwaka 1976 kama ushahidi: mmeona, hakuwa wenu tena. Mimi nausoma kinyume. Mwigizaji hukua pamoja na watazamaji wake. Uhispania ilimnyima nafasi ya kukua mbele yake kwa miaka 40, kisha ikashangaa kwamba amerudi na sikio jingine. Kasoro hiyo haikuwa yake.

Kuna mdai wa tatu ambaye simkubali hata kidogo, naye ni kumbukumbu ya Camus. Walikutana mwaka 1944, wakaachana, wakakutana tena 1948, na hawakuachana mpaka Camus alipokufa kwa ajali ya gari Januari 1960. Barua zao 865 zilichapishwa mwaka 2017, na tangu hapo kwa wasomaji wengi María ni mpenzi wa mwandishi mashuhuri. Faida ya barua hizo ni kwamba zinamwonyesha kazini: mazoezi, redio, safari, uchovu, usiku wa kwanza wa tamthilia. Hasara yake ni kwamba watu huzisoma wakimtafuta Camus.

Hukumu yangu ni hii. Kazi ni ya Ufaransa, na Wafaransa wameitunza vizuri: nyumba yake ya Alloue, aliyokiachia kijiji, leo ni kituo ambamo waigizaji na waandishi hukaa na kufanya kazi. Haki ya Uhispania juu yake ni ile ya mdaiwa. Ina haki ya kulitaja jina lake kila inapotoa tuzo, mradi papo hapo itaje pia vitabu vilivyochomwa, dada aliyezuiliwa, na sababu iliyofanya Yerma yake ionekane Buenos Aires na si A Coruña.