Tatizo Tunalo, Halijapitishwa

Jamani, kufuga msomi ni gharama! Mpwa wangu anasoma chuo hapa Mbeya, yuko kwangu Uyole, na kazi yake siku hizi ni kutafuta tatizo. Nikamwambia, mjomba, matatizo hapa yamejaa, jichagulie. Akasema hapana, anataka tatizo la utafiti.

Nikampa langu: lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini panda Umalila msimu wa viazi ukajionee. Gunia linajazwa, linashindiliwa kwa goti, halafu linavikwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja. Hilo nalo si tatizo? Kalipeleka kwa msimamizi, limerudi na wino mwekundu: hili ni lalamiko, pengo la maarifa liko wapi? Pengo liko mfukoni kwa mkulima, mwalimu wangu!

Basi tatizo likaanza kupunguzwa. Mkoa ukawa wilaya, wilaya ikawa kata, "lumbesa" ikawa "mambo yanayowafanya wakulima wakubali lumbesa". Ajabu ni kwamba kila tatizo likipungua, kurasa zinaongezeka, na pesa ya kuchapisha anaomba kwangu.

Kumbe dodoso, ile karatasi ya maswali, alishaliandaa zamani, hata swali la utafiti hajaliandika! Hapo nilikuwa upande wa msimamizi. Ukitaka kujua ni wangapi, nenda na dodoso ukahesabu. Ukitaka kujua kwa nini, kaa chini umsikilize mtu mpaka amalize. Huwezi kuchagua jembe kabla hujajua unalima nini.

Akanisomea swali la kwanza: "Lumbesa inamuumiza mkulima." Nichague: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Nikamuuliza, dalali akiwepo au asipokuwepo? Akasema hakuna kisanduku cha hivyo. Mtindo huo kauleta Mmarekani, Rensis Likert, mwaka 1932. Viazi nadhani hakuwahi kuuza.

Ikaja sampuli, yaani wakulima wangapi wahojiwe kwa niaba ya wote. Ana wakulima 600. Akatoa kanuni ya Yamane ya kupata idadi hiyo, kabonyeza simu: akiruhusu makadirio yakosee kwa asilimia 5, awahoji 240. Watu 240, milimani, barabara zimeloa, nauli ya bodaboda atoe nani? Nikamwambia jaribu asilimia 10. Wakashuka hadi 86. Mjomba, nikasema, chukua hilo kosa kubwa tuheshimiane. Kagoma, msimamizi anataka 5. Basi msimamizi atoe nauli!

Sasa eti kabla ya kwenda huko lazima dodoso lijaribiwe kwa watu wachache. Wachache hao wako sebuleni kwangu, sukari imekwisha, chapati zimekwisha, mama watoto ameninunia. Nimechungulia majibu yao: wote wameweka vema kwenye "sina uhakika". Kumbe kijana kamwalika na dalali.