Muundo mmoja wa nyaraka za lugha za programu: unamfaa nani?

Kuna mvutano wa siku nyingi kati ya waandishi wa nyaraka za marejeleo za lugha za programu. Je, kila ukurasa wa fankisheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, ufuate vichwa vilevile kwa mpangilio uleule, au mwandishi aachwe aeleze anavyoona inafaa? Nalipima suala hili nikiwa Malindi, ambako kijana anayejifunza programu huzisoma nyaraka hizo kwenye simu, kwa bando la kuhesabu, na mara nyingi kwa Kiingereza ambacho kwake ni lugha ya tatu baada ya Kigiriama na Kiswahili.

Kwa msomaji huyo, muundo thabiti ni msaada mkubwa. Mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa mwaka 1971 ulishaonyesha njia: amri ilipewa jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, hata kasoro zake zinazojulikana. Aliyesoma kurasa mbili tatu alijua kwenye ya nne atazame wapi.

Sasa angalia lugha ya Python. Nyaraka zake ni nzuri, nazipenda, lakini maelezo ya makosa ambayo fankisheni inaweza kutoa yametawanyika. Maelezo ya `open`, fankisheni ya kufungua faili, yanataja kosa la `OSError` mwanzoni, `ValueError` ya herufi zisizosomeka yanaitaja katikati, na `FileExistsError` iko chini kabisa, kwenye mabadiliko ya matoleo. Lugha ya Rust ina desturi ya kuyapa makosa kichwa chao, na hali zinazoivunja programu ghafla kichwa kingine. Asiyemudu Kiingereza vizuri huruka moja kwa moja hadi hapo. Tena siku tutakapozitafsiri nyaraka kwa Kiswahili, vichwa hivyo vitatafsiriwa mara moja tu.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Fomu ikishakuwa lazima, watu huijaza bila kufikiri. Msimbo, yaani maandishi ya programu, wa lugha ya Java umejaa maelezo ya `@param jina`, alama ya kueleza kitu kinachopewa fankisheni, yanayosema tu kwamba hilo ni jina. Ukurasa unaonekana kamili na haumfundishi mtu chochote. Lugha ya Go ilichagua sentensi za kawaida zinazoanza na jina la kitu chenyewe, zisomeke vizuri hata ndani ya msimbo. Lakini mwaka 2022, katika toleo la 1.19, Go nayo iliongeza vichwa vilivyo wazi zaidi, orodha na viungo. Maelezo marefu yalihitaji mifupa.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yawe lazima: namna ya kuiita fankisheni (kuitumia ndani ya programu), makosa yake, na mfano unaojaribiwa na mashine, kama Rust inavyoendesha mifano ya nyaraka pamoja na majaribio mengine. Mfano uliopitwa na wakati humpotezea mwanafunzi jioni nzima na bando lake. Mengine yote mwandishi aachiwe. Timu ndogo ya kujitolea isiyoweza kuyatimiza yote matatu ianze na makosa, kwa sababu namna ya kuita inaweza kuonekana kwenye msimbo wenyewe na mifano hupatikana kwingine, lakini orodha kamili ya makosa aijuaye ni yule aliyeiandika fankisheni.